Mvua imenyesha Sumbawanga. Msimu je?

Ukitaka kujua kama usiku mvua ilinyesha Sumbawanga, usihangaike kutafuta madimbwi. Pita kwenye maduka ya pembejeo saa mbili asubuhi. Ikiwa ni Novemba na watu wamejipanga hadi barazani, gumbuti zina matope mabichi, bodaboda zimeegeshwa ovyo zikisubiri mizigo, basi ilinyesha. Kinachozungumzwa kwenye foleni si bei ya mbegu, ingawa nayo inauma. Watu wanaulizana: kwenu imefika? Aliyetoka Laela anasema kwao imemwaga tangu magharibi. Wa Kaengesa alisikia ngurumo tu, akalala. Kijana anamgeukia mzee aliye mbele yake: "Shikamoo babu. Hii tupande, au tuiache ipite?" Mzee anaitikia marahaba, anatazama nje, hasemi zaidi.

Ana sababu ya kunyamaza. Mbegu chotara na mbolea ya kupandia, hata ile ya ruzuku, ni fedha inayofukiwa ardhini. Ikifukiwa leo na mvua ikapotea kwa majuma mawili, mbegu huota, hunyauka, na mkulima hurudi dukani kununua tena kwa fedha ambayo hata mara ya kwanza ilipatikana kwa taabu. Akisubiri mno nako kuna gharama. Mahindi ya nyanda za juu, yanayotaka miezi mitano hadi sita shambani, yatakutwa na mwisho wa mvua kabla punje hazijajaa. Kwa hiyo mzee haulizwi kama mvua imenyesha. Hilo kila mwenye bati anajua. Anaulizwa kama kilichonyesha kina mwenziwe nyuma.

Neno lenyewe "msimu" limesafiri sana. Kwa Kiarabu ni mawsim, wakati maalumu wa jambo. Mabaharia wa Bahari ya Hindi walilitumia kwa pepo zinazogeuka mara mbili kwa mwaka, zile ambazo Pwani tunaziita kaskazi na kusi. Wareno wakalichukua, likazunguka lugha za Ulaya, na leo Waingereza wanalitumia kwa mvua za India. Sisi tukabaki nalo kwa embe, korosho na ligi ya mpira. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) imelirudisha karibu na nyumbani kwao: wakati kaskazini mwa nchi kuna vuli na masika, mvua za Novemba hadi Aprili za magharibi, kati na kusini, kuanzia Kigoma, Katavi na Rukwa hadi Ruvuma na Mtwara, zinaitwa tu mvua za msimu. Mtu wa Moshi akikosa vuli anaweza kujipa moyo kuwa masika yapo. Mtu wa Ufipa hana masika ya kuyategemea. Ana mlango mmoja, unafunguliwa Novemba na kufungwa Aprili.

Na mlango huo uko mahali pa ajabu. Ufipa ni uwanda ulioinuliwa kati ya mashimo mawili ya Bonde la Ufa. Magharibi yako maji ya Ziwa Tanganyika, mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashariki, kwa kimo kinachokaribiana na hicho, liko Ziwa Rukwa, lenye kina kifupi na lisilo na mto unaotoka. Katikati, Sumbawanga imekaa kwenye mita 1,800 hivi, na nyuma ya mji Milima ya Mbizi inapita mita 2,400. Anayeteremka kutoka Ntendo kwenda Muze, huko bondeni, anavua sweta njiani. Kwa safari ya muda mfupi amepoteza kama kilomita moja ya kimo na kuingia nchi nyingine yenye mpunga, joto na mbu. Ndiyo maana ukisikia "mvua imeanza Rukwa" lazima uulize Rukwa ipi.

Kuanzia Mei hadi Septemba, uwanda huu ni wa kusi. Upepo unatoka Bahari ya Hindi, lakini kabla ya kufika Ufipa umepanda milima ya Udzungwa na Livingstone na kuacha huko sehemu kubwa ya unyevu wake. Unaofika Sumbawanga ni mkavu na baridi, ule unaopasua midomo mwezi wa Julai. Juu yake kuna tabaka la hewa iliyo kavu na yenye joto kiasi, linalokaa kama mfuniko wa sufuria. Mawingu madogo yanainuka, yanagonga mfuniko, yanayeyuka. Wakati huo moto wa nyikani unapita kwenye majani, na jioni jua linazama jekundu kwa vumbi na moshi.

Katikati ya Oktoba jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Kwa mji ulio nyuzi nane kusini mwa Ikweta hilo hutokea mara mbili kwa mwaka: kama tarehe 14 Oktoba, jua likielekea kusini, na mwishoni mwa Februari likirudi. Simama uwanjani siku hizo za Oktoba, mnamo saa sita na dakika 40, utafute kivuli chako, utakikuta miguuni. Ungetarajia mvua inyeshe hapo hapo, maana tumefundishwa shuleni kuwa mvua hufuata jua. Hufuata, ila kwa uvivu. Mfuniko bado upo. Oktoba inapita kwa joto, na miyombo, bila kungoja tone hata moja, imekwisha kuchipua majani mekundu kwa maji iliyojiwekea. Mtu wa pwani akiiona anadhani mvua zimeshapita.

Kinachovunja mfuniko kinatoka upande mwingine. Jua likisogea kusini linavuta pamoja nalo ukanda wa mvua, ule mshipi wa mawingu unaozunguka dunia pale pepo za kaskazi na kusi zinapokutana. Joto la bara linapunguza mgandamizo wa hewa kusini mwa Kongo na Angola. Kusi linachoka. Hewa yenye maji inaanza kusogea kutoka magharibi, hewa ya msitu wa Kongo, ambayo sehemu yake ilianzia Bahari ya Atlantiki, ikanyesha msituni, ikavukizwa tena na miti, ikanyesha tena, hatua kwa hatua kuelekea kwetu. Kati ya hewa hiyo na ile kavu ya Bahari ya Hindi kuna mpaka ambao wataalamu wanaufuatilia kwenye ramani zao mwaka mzima. Septemba uko mbali magharibi. Novemba unatikisika: siku tatu unasogea mashariki na kuvuka Ziwa Tanganyika, siku tano unarudishwa. Kila ukivuka, mchana mawingu yanajijenga juu ya kingo za uwanda, ambako hewa ya ziwani inalazimika kupanda mita elfu moja kwa mkupuo. Jioni inanguruma. Ukirudishwa, anga inakuwa ya buluu kama haikutokea kitu.

Hapo ndipo ilipo siri ya mvua za mwanzo kudanganya. Mvua ya tarehe 8 Novemba mara nyingi ni kionjo. Mpaka umekuja kuchungulia tu.

Hapa niseme neno kuhusu radi, kwa sababu hakuna Mtanzania atakayesoma makala ya mvua za Sumbawanga bila kuisubiri. Nchi nzima ina mzaha wake: mkorofishe mtu wa Sumbawanga, kesho radi inakufuata bila wingu. Jina la mji wenyewe huelezwa kuwa ni wito wa kutupa uchawi, na wageni wameugeuza kuwa tangazo la uchawi. Mzaha huo umezeeka, na unaficha jambo la kuvutia zaidi. Radi hutaka hewa yenye unyevu, joto chini, baridi juu, na kitu cha kuisukuma hewa ipande kwa kasi. Ufipa ina vyote: maziwa mawili, kingo mbili, na jua la Novemba. Tuko pembeni mwa jiko kuu la radi barani. Hesabu za setilaiti zilizochapishwa mwaka 2016 ziliiweka Kabare, Kivu ya Kusini, kuwa ya kwanza Afrika, yenye miale zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela tu duniani. Mawingu ya aina hiyo hiyo, yenye nguvu pungufu, ndiyo yanayofungua msimu Ufipa. Radi za mwanzo ni mbaya pia kwa sababu watu wako mashambani, jembe mkononi, na mti wa kujikinga ni ule mmoja uliobaki.

Turudi kwa mzee kwenye foleni. Je, hakuna kanuni ya kumsaidia? Ipo. Wataalamu wa hali ya hewa na kilimo hutumia kipimo kinachofanana na hiki: msimu umeanza siku zinaponyesha kama milimita 20 kwa siku moja hadi tatu, mradi katika siku 30 zinazofuata kusitokee ukavu wa siku kumi mfululizo. Milimita 20 si kidogo. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba, hivyo kwenye ekari moja milimita 20 ni zaidi ya lita 80,000, yaani mapipa 400 ya lita mia mbili mbili. Tatizo la kanuni hiyo liko kwenye sharti lake la pili. Inajua mwanzo baada ya mwezi kupita. Mwanasayansi mezani anaweza kusubiri Krismasi ndipo atangaze kuwa msimu ulianza Novemba 22. Mkulima anatakiwa ajue Novemba 23.

Ndiyo maana wazee walitafuta ushahidi kwa viumbe vingine. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Ladislaus Chang'a, ambaye baadaye alikuja kuiongoza TMA, akiwa na Pius Yanda na James Ngana, kuhusu maarifa ya jadi ya kutabiri mvua katika wilaya za Rungwe na Kilolo, nyanda za juu hizi hizi. Wakulima waliwaambia kuwa mihemi na mikwee ikitoa maua mapema na kwa wingi kati ya Julai na Novemba, msimu utakuwa mzuri. Na kati ya dalili zote, ndege aliyetajwa kuwa shahidi bora ni dudumizi. Wengine humwita tipitipi. Ni yule anayelia kama maji yanayomiminwa kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Napenda kwamba aliyechukua muda kuandika habari za dudumizi ni mtu wa rada na setilaiti. Ndege hana uchawi. Huenda anasikia unyevu hewani kabla yetu, na wadudu anaowala wanausikia kabla yake.

Lakini dudumizi anatabiri kesho, na mti wa mhemi unatabiri mwaka. Katikati hapo, ndani ya msimu wenyewe, ndipo mkulima anapoumizwa na ndipo pana mengi ya kueleza.

Hesabu ya mwaka mzima Ufipa haitishi. Rukwa hupata kwa kawaida milimita kati ya 800 na 1,200 hivi, nyingi kuliko za London. Tatizo ni namna zinavyogawanyika. Chukua misimu miwili, kila mmoja una milimita 900. Wa kwanza unaanza mwishoni mwa Novemba na kunyesha mara mbili tatu kwa wiki hadi Aprili. Wa pili unamwaga 300 Desemba, unasimama siku 18 Januari, unarudi na gharika Februari, unakatika Machi katikati. Kwenye taarifa ya mwisho wa mwaka yote miwili itaandikwa "wastani". Mmoja umejaza ghala, mwingine umeacha mabua. Sijawahi kumwona mtu anayelima kwa wastani, na ningefurahi neno hilo likisomwa redioni lifuatwe mara moja na sentensi nyingine. TMA siku hizi wanaiongeza: huonya kuhusu vipindi virefu vya ukavu na mtawanyiko usioridhisha wa mvua. Sentensi hiyo kavu kavu, inayosomwa haraka mwishoni, ndiyo ya kukata na kubandika ukutani.

Kwa nini mvua inakuja kwa mikupuo? Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Roland Madden na Paul Julian, walikuwa wakichambua vipimo vya upepo na mgandamizo wa hewa kutoka Kanton, kisiwa kidogo katikati ya Pasifiki. Waliona mapigo: hewa ya kitropiki ilikuwa ikipanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 40 hadi 50. Baadaye ilibainika kuwa ni wimbi kubwa la mawingu na mvua linalozaliwa Bahari ya Hindi na kutambaa kuelekea mashariki, likizunguka dunia kwa siku 30 hadi 60. Linaitwa kwa majina yao. Likiwa magharibi mwa Bahari ya Hindi na Afrika, hewa ya kwetu inapanda kwa urahisi na mvua zinakolea. Likishahamia Indonesia na Pasifiki, hewa juu yetu inaelekea kuzama, na mfuniko unarudi. Halipigi kengele, na halifuati kalenda ya mkulima. Hata hivyo linaweza kufuatiliwa majuma mawili au matatu mbele, na hapo kuna tumaini kubwa kuliko katika utabiri wa miezi sita.

Kisha kuna vimbunga. Ufipa iko mbali na bahari kiasi kwamba kimbunga hakiwezi kutufikia chenyewe, lakini kinatufikia kwa mkono mrefu. Kimbunga kikizunguka karibu na Madagaska kinavuta hewa kutoka kila upande. Mahali kilipo ndipo panapoamua kama kitavuta unyevu wa Kongo upite juu yetu, au kitaunyonya utuache. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim, vikiwa upande wa mashariki wa Madagaska, viliambatana na upepo wa magharibi na mvua kubwa Afrika Mashariki. Mwaka mmoja baadaye Idai, kilichoipiga Beira usiku wa Machi 14, 2019, kilikuwa katika Mlango wa Msumbiji, na wakati huo masika ya Kenya yalikuwa makavu. Tofauti ya kilomita mia kadhaa baharini, na mtu aliye mbali kabisa na pwani anapanda au hapandi.

Kwa mahindi ya Ufipa, saa mbaya ya kukosa maji inajulikana. Yaliyopandwa mwishoni mwa Novemba hutoa mbelewele na ndevu mnamo Februari au mwanzoni mwa Machi. Kabla ya hapo mmea huvumilia: unakunja majani mchana, unayakunjua usiku. Wakati wa ndevu hauvumilii. Siku kumi kavu hapo, ndevu zinakauka kabla ya chavua kufika, na mwezi wa Juni unamenya gunzi lenye meno kama ya mtoto wa miaka sita. Wakati huo huo aliyechelewa kupanda kwa wiki tatu anaweza kupona, maana mahindi yake bado hayajafika hapo. Mvua ile ile, kijiji kile kile, majirani wawili. Mmoja anaitwa hodari na mwingine anaitwa mvivu, na mwaka unaofuata wanabadilishana majina.

Watu wa Ufipa walilijua hili muda mrefu kabla ya setilaiti, na jibu lao lilikuwa kutokuweka kila kitu kwenye mvua moja. Mahindi yanatangulia. Ulezi unafuata Desemba na Januari. Ngano na maharage ya pili vinapandwa Februari na Machi, vikipanga kukomaa kwa unyevu uliobaki udongoni. Halafu kuna intumba, matuta ya mviringo ambayo wanazuoni wa kilimo na wa mila wameyaandika tangu enzi za mkoloni. Mvua zikiwa zimelainisha ardhi na nyasi zikiwa ndefu, mkulima analima kwa kufukia nyasi ndani ya kilima cha udongo. Juu yake anaweza kupanda maharage. Ndani yake nyasi zinaoza polepole, na msimu unaofuata kilima kinasambazwa na kupandwa ulezi. Ni mbolea, lakini pia ni sifongo: udongo wenye mboji unashika maji ya mkupuo mmoja hadi mkupuo unaofuata. Trekta na mbolea ya viwandani vimeyasukuma pembeni, na anayeyapita leo barabarani bila kujua anaweza kudhani ni makaburi.

Kuna swali linaloulizwa kila Elnino inapotajwa kwenye redio: kwetu inamaanisha mafuriko au njaa? Jibu la kweli ni kwamba Ufipa iko karibu na bawaba ya mlango. Kwa kawaida Elnino huongeza vuli ya kaskazini mwa Tanzania na Kenya, na huikausha kusini mwa Afrika. Sisi tuko kati. Msimu wa 2023/24 ulionyesha hilo waziwazi. Desemba 3, 2023, maporomoko ya matope yaliiangukia Katesh, Hanang. Aprili 2024 Rufiji ilikuwa chini ya maji. Zambia, ambayo kutoka Matai unaifikia kabla gari halijapata joto, ilitangaziwa janga la kitaifa la ukame na Rais Hakainde Hichilema Februari 29, 2024. Miezi michache baadaye Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) ulikubaliana kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Rukwa, ambayo tangu miaka ya 1980 imehesabiwa pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma kuwa mikoa minne ya kulilisha taifa, ilijikuta na jirani anayehitaji kila gunia, kwa sababu ya mvua ambayo ilikataa kuvuka mpaka.

Maziwa yetu mawili yanaweka kumbukumbu ya haya yote kwa namna tofauti. Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, ni mzee asiyeshtuka haraka. Mpaka misimu kadhaa mizito ifuatane ndipo anainuka, kama ilivyokuwa hadi 2024, maji yalipoingia mitaa ya Bujumbura. Rukwa ni mtoto. Kina chake ni kidogo, halina pa kumwagia, hivyo kila msimu unaandikwa ufukweni. Mwaka 1929 lilikuwa limesinyaa hadi urefu wa kilomita 50 hivi. Miaka kumi baadaye lilikaribia kilomita 130.

Kusinyaa na kujaa huko kuliwahi kuitia hofu nusu ya bara. Mbuga zinazoachwa na maji ya Rukwa ni moja ya vyanzo vya nzige wekundu, na nzige huyu anaishi kwa kalenda ya mvua kuliko mkulima yeyote. Kiangazi chote anakaa akiwa mpevu bila kutaga. Mvua za mwanzo zikilowesha udongo, anataga. Mwezi mmoja baadaye tunutu wanatoka, na majani yakiwa yamechipua chakula kipo. Pigo lililoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kwenye mbuga za Mweru wa Ntipa, chanzo kingine cha nzige hao kilichoko Zambia, liliendelea hadi 1944 na kuenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Ikweta. Baada yake, mwaka 1949, ilianzishwa huduma ya kimataifa ya kupambana na nzige wekundu, makao yake yakawa Abercorn, mji ambao sasa ni Mbala, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Bonde la Rukwa limebaki kwenye orodha ya mahali pa kupigwa doria. Yaani kila Novemba, huku juu mkulima akijiuliza kama mvua hii ni ya kweli, huko bondeni mdudu naye anaamua jambo hilo hilo, na yeye hana wa kumuuliza.

Mwisho wa msimu haupewi heshima ya mwanzo wake. Hakuna foleni dukani. Aprili kuelekea mwisho, ukanda wa mvua umekwisha kupita ukirudi kaskazini, mawingu yanakuwa ya asubuhi tu, na siku moja mtu anagundua kuwa ana majuma mawili hajasikia bati. Kusi linaanza kurudi usiku, mikono inaingia makotini. Mwaka ambao mvua inang'ang'ania hadi Mei watoto wanafurahi, maharage ya pili yanashukuru, na mwenye mahindi anakosa usingizi, kwa sababu magunzi yanaloa yakiwa bado juu ya bua na kuvu inaanza kwenye ncha.

Julai mahindi yanafika kituo cha ununuzi cha NFRA. Mpima anachoma bambo kwenye gunia, anatoa punje za katikati, anazimimina kwenye kifaa cha kupima unyevu. Kinachotakiwa ni kisichozidi asilimia 13.5. Kikisoma 15, mwenye mzigo anaambiwa ayarudishe juani. Anayamwaga kwenye turubai, anavua viatu, anayageuza kwa miguu, na kila baada ya muda anatazama magharibi, ingawa ni kiangazi.